Karatasi za Ngoswe na Kishikwambi cha Karani

Mwulize mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne miaka hii ya karibuni kwamba tamthilia ya Ngoswe inahusu nini. Atakujibu kabla hujamaliza swali: mapenzi na uzembe. Ukimpa nafasi atakuongezea ulevi, nafasi ya mwanamke katika jamii, umuhimu wa elimu, na mgongano wa mila na usasa. Ndivyo tulivyoandikiwa ubaoni, ndivyo madesa yanavyosema, na ndivyo tulivyojaza kwenye karatasi ya mtihani wa taifa tukapata alama zetu. Jina lenyewe la kitabu linachangia, maana limeandikwa wazi juu ya jalada: Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Nani atahangaika kutafuta jambo jingine?

Katika makala haya nataka kubishana na jibu hilo. Ninadai kwamba marehemu Edwin Semzaba alituandikia tamthilia juu ya serikali, takwimu na kuaminiana, nasi tukaisoma kama kisa cha kijana aliyeponzwa na binti wa watu. Tena ninadai kwamba usomaji huo finyu unatudhuru, na unatudhuru zaidi sisi tunaotamani kuwa waandishi.

Kwa wale ambao hawakukipitia kitabu hiki darasani, kisa ni hiki. Ngoswe ni karani wa sensa, kijana msomi, anatumwa kijijini kuhesabu watu. Anapokewa na Mzee Mitomingi, ambaye ni balozi wa nyumba kumi na ndiye anayepaswa kumtembeza nyumba hadi nyumba. Mzee huyo ana binti, Mazoea, ambaye ameshapata mchumba. Ngoswe anamwona Mazoea, kazi inaingia doa. Mapenzi yananoga, pombe inanyweka, mipango ya kutoroka inapangwa, mambo yanafichuka. Mzee Mitomingi kwa hasira anazitia moto karatasi za takwimu. Kazi yote ya serikali inageuka majivu.

Hapo ndipo walimu wetu wengi walipofunga mjadala. Funzo: tusichanganye mapenzi na kazi. Haya, fungueni ukurasa wa maswali.

Sikatai, funzo hilo limo. Mtu akitumwa kazi akaiacha akamfuata binti wa mwenyeji wake, huo ni uzembe na hauna jina jingine. Lakini mhakiki haishii kwenye swali la nani mkosaji. Anapaswa kuuliza pia: ilikuwaje kosa la kijana mmoja likaweza kufuta kijiji kizima kwenye hesabu za taifa? Kwa nini moto wa dakika chache ulitosha? Na kwa nini mzee yule, mwenye cheo cha balozi, mtu wa serikali kwa namna yake, alipokasirika na mgeni alizikimbilia karatasi badala ya kumkimbilia mgeni mwenyewe? Nyumba ya Ngoswe ilikuwa mbali, kabila lake lilikuwa mbali, mshahara wake ulikuwa mbali. Zilizokuwa karibu ni karatasi. Mzee alijua, hata kama hakuwahi kufundishwa umuhimu wa takwimu, kwamba pale ndipo serikali inapoumia.

Kitabu hiki kilichapwa mwaka 1988, na mwaka huohuo Tanzania ilifanya sensa ambayo ilihesabu watu milioni 23.1. Tangu Muungano tumehesabiwa mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika sensa ya kwanza ya hizo tulikuwa milioni 12.3. Katika ile ya mwisho tulikuwa 61,741,120. Mtu anayesema sensa ni jambo la kupitia tu ndani ya hadithi ya mapenzi, na azitazame hesabu hizo kisha ajiulize kama mwandishi makini angeichagua kazi ya Ngoswe kwa bahati nasibu. Semzaba angeweza kumfanya Ngoswe kuwa mwalimu, bwana shamba au karani wa duka la ushirika. Penzi lingeenda vilevile. Alimfanya karani wa sensa kwa sababu yake.

Ngoswe kwa macho ya mtu wa Mpanda

Mimi naandika kutoka Mpanda, na pengine ndiyo maana suala hili linanikaa kooni. Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huohuo ilitukuta tukiwa watu 564,604. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ilitukuta tukiwa 1,152,958. Yaani tumezidi mara mbili. Ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa ikiongezeka kwa asilimia 3.2.

Nilichukua kikokotoo cha simu nikafanya hesabu ndogo, na wewe unaweza kuifanya. Tuseme sensa ya 2022 haikufanyika, au karatasi zetu ziliungua kama za Ngoswe. Ofisa mmoja mezani anaambiwa akadirie watu wa Katavi. Anachukua idadi ya 2012, anaikuza kwa kasi ya taifa, anapata kama watu 774,000. Anaandika, anapiga mhuri, anaenda kunywa chai. Watu kama 379,000 wamepotea. Hawakufa, hawakuhama. Wapo, wanalima mahindi na mpunga, wanachunga ng'ombe, wanapanga foleni kwenye zahanati, wanakalia dawati moja watoto wanne. Ila mezani kwa yule ofisa hawapo, na dawa, walimu na fedha za halmashauri hupangwa kwa kuangalia walioko mezani.

Sasa soma tena mahali zile karatasi zinapoungua. Je, bado unaona penzi tu?

Kila mtu wa hapa anajua ongezeko hili limetoka wapi kwa sehemu kubwa. Watu wamehamia. Wakulima na wafugaji wamekuja na familia zao kutafuta ardhi na malisho, wakaingia Mpimbwe, wakaingia Tanganyika, wakaingia Nsimbo. Misitu imekatwa, mashamba yamefunguliwa, mto Katuma ukifika kiangazi unabaki madimbwi ambamo viboko wa hifadhi wanasongamana kama abiria wa daladala. Mambo hayo yote yana ubishi mkubwa ndani yake: nani mwenyeji, nani mvamizi, wangapi wanatosha, msitu ubaki kiasi gani. Ubishi huo hauwezi kwenda popote bila namba. Na namba haipatikani bila mtu mmoja kusimama mlangoni kwa mtu mwingine na kumwuliza: wangapi mlilala hapa?

Woga si ujinga

Jambo la pili ambalo usomaji wa darasani unalibomoa ni hili la wanakijiji. Katika tamthilia, ujio wa karani unaleta wasiwasi. Anataka nini? Anatuhesabu ili iweje? Madesa yetu yana jibu la neno moja: ujinga. Wanakijiji hawakusoma, hivyo hawajui umuhimu wa sensa. Dhamira: elimu itolewe vijijini.

Jamani, tuwe waungwana kidogo kwa wazee wetu. Tangu lini mtu mwenye daftari alikuja kijijini akaleta kitu? Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na ili uitoze nyumba kodi lazima kwanza uihesabu. Waingereza wakaja nao na kodi zao, vichwa vikahesabiwa. Baada ya uhuru tukawa na kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, na wapo baba zetu waliolala porini wakiwakimbia mgambo kwa sababu yake. Ilifutwa mwaka 2003 tu. Katikati ya miaka ya sabini ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahesabiwa, wakapakiwa, wakahamishwa, wengine wakiacha mazao shambani na nyumba zikibomolewa. Mzee aliyeyapitia hayo akimwona kijana wa mjini na karatasi anamwuliza anahesabu ili iweje, swali lake limetokana na kusoma sana, ila darasa lake lilikuwa jingine.

Hapa kwetu swali hilo lina uzito wa peke yake. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji Burundi wakaingia nchini. Wengi waliwekwa katika makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo leo yamo katika mkoa wetu, na Ulyankulu mkoani Tabora. Walilima, walizaa, waliwasomesha watoto. Mwaka 2014 ndipo watu takribani 162,000 wa makazi hayo matatu walipokabidhiwa uraia wa Tanzania. Ni miaka 42 ya kujazwa kwenye fomu. Mtu wa namna hiyo akiulizwa uraia wake na mgeni aliyevaa kitambulisho shingoni, anapima kwanza kila neno kabla ya kulitamka. Sensa inamhesabu kila aliyelala nchini usiku ule, awe raia au asiwe, lakini nani amemweleza hivyo akaamini? Kueleza ni kazi moja. Kuaminiwa ni kazi nyingine, na hiyo haifundishwi kwenye semina ya siku chache.

Kwa hiyo nakubaliana na Semzaba kwa kuuweka wasiwasi huo jukwaani, lakini namlaumu kwa kutoufikisha mbali. Wanakijiji wanauliza maswali mazuri, halafu penzi linakuja na kuyafunika. Nafasi ambayo tungemsikia Mzee Mitomingi akibishana na Ngoswe juu ya serikali imechukuliwa na habari za kunyemeleana. Mwandishi alikuwa na moto mkubwa mkononi, akautumia kuivisha chungu kidogo. Nasema hivi kwa heshima, maana bila yeye tusingekuwa hata na chungu chenyewe.

Lawama yangu nyingine ni juu ya Mazoea. Tunamjua kama binti wa Mitomingi, mchumba wa mtu, na kipenzi cha Ngoswe. Kila mwenye shughuli naye anamweka kwenye safu yake. Kwenye karatasi za sensa angekuwa alama moja kwenye mstari wa wanawake. Walimu wetu wanasema kitabu kinaonyesha mwanamke kama chombo cha starehe, wanaishia hapo. Mimi naona kwamba Mazoea na karatasi zile wanafanana: vyote viwili vinapitishwa mikononi mwa wanaume wanaobishana wao kwa wao, na hakuna anayekaa kusoma kilichoandikwa ndani. Kama ningeruhusiwa kuandika upya mandhari moja ya tamthilia hii, ningemwacha Mazoea peke yake na zile karatasi kabla baba yake hajafika. Angetafuta jina lake. Angekuta nini?

Kishikwambi kimetibu nini?

Kijiweni nilipoyasema haya, rafiki yangu mmoja alinikata kauli. "Acha hizo, bwana. Mambo ya karatasi yamepitwa na wakati. Siku hizi hesabu ziko kwenye kishikwambi, Mitomingi angechoma nini?"

Ni hoja nzuri, na inastahili jibu. Sensa ya 2022, ambayo siku yake ilikuwa tarehe 23 Agosti, ilikuwa ya kwanza nchini kwetu kukusanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Faida yake si mchezo. Kwanza, taarifa ikishajazwa na kutumwa inakaa mbali na kiberiti cha mtu yeyote. Pili, programu ya namna hii huwekewa masharti: ukijaza mama ana miaka 12 na mwanawe ana miaka 10 inakugomea, wakati karatasi ingekaa kimya. Tatu, hakuna tena jeshi la watu wa kunakili madodoso ofisini. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya mwanzo Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022. Ukihesabu ni siku 69 tangu siku ya sensa. Baada ya hapo vishikwambi vikagawiwa kwa walimu. Kwa nchi yenye vijiji ambavyo mvua ikinyesha hata pikipiki haifiki, tuwape waliofanya kazi ile haki yao.

Lakini tazama kishikwambi kilichotibu. Kilitibu moto. Kilitibu makosa ya mkono. Kilitibu ucheleweshaji. Hakikugusa kile kilichokuwa kinamsumbua Mzee Mitomingi, maana hicho kiko upande wa pili wa kioo. Mfugaji akiulizwa ana ng'ombe wangapi, atataja idadi anayotaka kutaja, na kishikwambi kitapokea kwa adabu. Familia iliyozoea kumficha chumbani mtoto mwenye ulemavu inaweza kumruka, na kioo hakitasikia akikohoa nyuma ya pazia. Mwenye wake wawili ataamua mwenyewe amtaje yupi. Mama ambaye tangu utoto ameambiwa kwamba kuwahesabu watoto ni kuwaitia mkosi, atawataja wachache ili wengine wasalimike. Programu ina masharti ya kugundua mama wa miaka 12. Haina sharti la kugundua mtu asiyekuamini.

Na kuna jambo la umri. Wataalamu wa takwimu wanajua kwamba watu wasio na cheti cha kuzaliwa hupenda kutaja miaka inayoishia na sifuri au tano: arobaini, arobaini na tano, hamsini. Ukichora mchoro wa umri wa watu utaona vilima kwenye namba hizo na mabonde katikati yake, kana kwamba Mungu huumba watu kila baada ya miaka mitano. Dawa yake ni ya zamani kuliko umeme. Karani anabeba orodha ya matukio: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa uhuru, vita vya Kagera. Anamwuliza mzee ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati ule.

Nilishuhudia jambo hilo nyumbani kwetu, Makanyagio. Karani aliyetufikia alikuwa dada mmoja mpole. Bibi alipoulizwa umri alisema amezaliwa reli ilipokuwa inaletwa Mpanda. Mimi mjukuu msomi nilitaka kusema andika sabini na tano, tumalize. Yule dada akaniashiria ninyamaze, akamgeukia bibi, akamwuliza kama wazazi wake walimsimulia kwamba gari la moshi lilikuwa limeshafika au bado wanajenga. Wakaanza mazungumzo marefu juu ya reli ile ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na juu ya watu walioajiriwa mgodini, na nani alimwoa nani. Kazi ya namba moja ilichukua kama robo saa. Mwisho akajaza, na ninaamini namba ile ni ya kweli kuliko ambayo ningeitoa mimi. Bibi alipoondokewa na mgeni wake alisema, "Huyu ametuhesabu kwa heshima."

Hapo nilijibiwa swali ambalo tamthilia haikulijibu. Kilichoifanya hesabu ile iwe ya kweli ni ule uwezo wa yule dada wa kukaa na kusikiliza kisa. Kishikwambi kilimsubiri tu.

Namba ya nani?

Kuna jambo jingine ambalo Semzaba asingeweza kulijua mwaka 1988, nasi tunalijua. Ugomvi wa takwimu hauishii mlangoni kwa Mitomingi. Unapanda hadi bungeni. Baada ya sensa ya 1967 maswali ya dini na kabila yaliondolewa kwenye madodoso yetu, kwa nia ya kulinda umoja. Mwaka 2012 suala la dini lilirudi kwa kishindo, baadhi ya Waislamu wakataka kipengele hicho kirejeshwe na wengine wakahamasishana kususia sensa. Mwaka 2018 Bunge liliibadili Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na kuweka adhabu kali kwa mtu atakayetangaza takwimu zenye kupotosha au kupinga zile rasmi. Watafiti na wahisani walilalamika, na mwaka 2019 sheria hiyo ikalegezwa. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika mwaka 2023.

Nisieleweke vibaya, sikuyaleta haya ili tuanze siasa. Nimeyaleta kuonyesha kwamba swali la mwanakijiji, mnatuhesabu ili iweje, limekuwa likiulizwa na watu wenye shahada na suti, ndani ya kumbi zenye viyoyozi. Kama ni ujinga, basi ni ujinga tuliogawiwa wote. Na mtu anayehesabiwa ana haki ya kuuliza mambo mawili: namba yangu itakaa wapi, na mimi nikiitaka nitaionaje. Wangapi kati yetu, baada ya matokeo kutangazwa, tulikwenda ofisi ya kata kuuliza kata yetu ina watu wangapi na zahanati ngapi? Tulihesabiwa, tukashangilia, tukasahau. Mitomingi alichoma karatasi kwa mkono wake. Sisi tunaziacha ziliwe na mchwa.

Hasara kwetu waandishi chipukizi

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, maana gazeti hili ni la watu wanaoandika.

Tumefundishwa kuisoma Ngoswe kama kitabu cha mapenzi, nasi tumeandika kama tulivyosoma. Kaa na vijana kumi wenye kaunta buku zilizojaa riwaya, waombe wakusimulie. Tisa watakuambia msichana mzuri, kijana maskini, tajiri mwenye gari, fumanizi, kifo. Simu imo ndani ya hadithi, ila ipo ili meseji ifumaniwe. Pesa za mtandao zimo, ila zipo ili hawara atumiwe. Teknolojia inaingia kwenye riwaya zetu kama shada la maua ya plastiki mezani: ipo, haifanyi kazi. Sera za serikali haziingii kabisa, tunaona ni mambo ya taarifa ya habari.

Wakati waliotutangulia hawakuogopa. Kezilahabi katika Gamba la Nyoka (1979) aliandika juu ya kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa. Mung'ong'o akafanya hivyo katika Njozi Iliyopotea (1980). Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi (1995), alimpandisha mtu kwenye chombo cha kumpeleka kifoni, chombo kikamfikisha kwenye nchi nyingine kabisa ili tuione serikali yetu kwa mbali. Hao walijua kwamba amri ya serikali inapofika kijijini inaingia hadi chumbani, inalala katikati ya mume na mke. Hapo kuna riwaya. Penzi limo, lakini limo pamoja na kitu kinacholibana.

Nitoe mifano ya hapahapa. Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Fikiria fundi wa kuchomelea ambaye ana oda ya mageti na ameposa, na kila siku anasikiliza mngurumo wa jenereta kama mgonjwa anayesikiliza moyo wake. Fikiria wakala wa pesa za mtandao, binti wa miaka 20, anayejua siri za mtaa mzima kwa sababu anaona nani anamtumia nani, na hana wa kumwambia. Fikiria mzee wa Katumba aliyepewa cheti cha uraia akiwa na meno matatu, anakitundika ukutani pembeni ya picha ya marehemu mkewe ambaye hakukiona. Fikiria karani wa sensa anayefika mwisho wa barabara, anakuta nyumba ambayo haimo kwenye ramani yake, na ndani kuna watu kumi na wanane. Hivi hapo kweli unahitaji tajiri mwenye gari?

Nisemapo hivi sitaki mtu aniandikie risala ya sera yenye majina ya wahusika. Kosa hilo nalo lipo: tamthilia ambamo daktari anasimama anatoa somo ukurasa mzima kisha wagonjwa wanapiga makofi. Semzaba hakulitenda. Alijua kwamba sensa itamfika mtazamaji ikiwa imeshikwa na mtu mwenye tamaa, njaa na aibu. Ufundi wake ulikuwa mzuri. Ni sisi tuliochukua penzi tukaacha lililofungwa ndani yake.

Waswahili husema ya Ngoswe mwachie Ngoswe mwenyewe. Kwa mambo ya nyumba za watu usemi huo una hekima yake. Kwa hesabu ya watu haufai, maana ya Ngoswe yalikuwa yetu: ni sisi tuliokuwa kwenye zile karatasi.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwalimu wa Kiswahili anayesoma ukurasa huu na kwa kijana mwenye kaunta buku. Wewe mwalimu, ukifika kwenye karatasi zinazoungua, kabla hujaandika "uzembe" ubaoni, waulize wanafunzi kijiji kile kilikuwa na watu wangapi. Hawatajua, maana zimeungua. Waache wakae na jibu hilo dakika moja. Nawe kijana, sensa nyingine ikifuata mpango wa kila baada ya miaka kumi itakuja mwaka 2032, na huenda karani akawa wewe. Wakati unangoja ajira hiyo, nenda kwa bibi yako na daftari, mwulize alizaliwa mwaka gani, na akikujibu kwa kisa usimkatishe.